Kamba ya Ufunguo

Shoga, niko chooni hapa karakana. Naandika haraka, nivumilie makosa.

Unaikumbuka ile sheria yangu? Kwamba ufunguo wa kukazia chuma usisahaulike tena kwenye mashine ya kuchongea, ile inayozungusha chuma, maana mashine ikiwaka unaruka kama risasi. Nikaufunga kamba, nikasema kila anayetumia mashine auvae shingoni. Nilipigiwa makofi. Makofi, shoga.

Leo zamu yangu. Nimeinama, nimekaza chuma vizuri, nikapeleka mkono kwenye swichi.

Kumbe ufunguo bado uko kwenye mashine, wala sijauona. Na kamba yake bado iko shingoni.

Shingoni kwangu.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza TENA, nikidhani umeme umekatika.

Kugeuka, yule mama anayechomelea mageti kasimama kwenye swichi kubwa ya ukutani. Kaizima yeye. Ananiangalia kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Akaja na mkasi wa bati, akaikata kamba chini ya kidevu changu, akarudi kwenye geti lake.

Hapo ndipo nikaelewa. Ile mashine ingewaka, ingeniviringisha na kamba yangu ya usalama.

Nikamfuata. "Mama, asante, umeniokoa."

Akashusha kioo chake cha uso, akasema tu, "Jana niliivaa mimi."

Na kweli aliivaa. Alikuwa ameisahau mezani, nikamkimbilia nayo. Nikamvisha kwa mikono yangu.