Somo, Nataka Kununua Gari la Umeme

Mpendwa Somo yangu,

Kabla ya salamu nyingine zote, kaa kitako, maana najua utacheka. Nataka kununua gari. Si la petroli kama la watu wenye akili zao, ni gari la umeme, la kuchajiwa kama simu. Na nyumba yangu unaijua. Kichochoro chetu hapa Palma kinapitisha mkokoteni kwa shida, na umeme wenyewe nauvuta kwa jirani kwa waya mmoja mwembamba. Nikichomeka pasi, taa ya chumbani kwa mama inafifia na yeye anaanza kuniita. Kwa hiyo nyumbani sina pa kulichaji wala pa kulilaza. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Mama ameshacheka kwa niaba yako. Siku niliyomwambia aliweka chini ungo wake wa mchele akauliza, "Gari gani hilo lisilokula kwake? Kila siku kwa watu, kwa watu. Huoni haya?" Nikamwambia litakula kwa yule bwana anayegandisha barafu pale sokoni, ana umeme wa nguvu na amekubali, mradi umeme nilipie mwenyewe. Mama akasema, "Bom, vizuri. Basi na liolewe huko huko." Tangu siku hiyo, kila honi ikilia barabarani ananiambia mkwe wake wa barafu amefika.

Gari lenyewe ni la Selemani, yule mfanyabiashara anayevuka mpaka pale Namoto na vitenge vyake. Alimletea mkewe kutoka Dar es Salaam, ila sasa wanahamia Pemba, yetu ya huku Msumbiji si ile ya kisiwani, na kufika huko kwa chaji moja gari haliwezi. Akaniachia wiki nzima nilijaribu, Ijumaa baada ya sala nimpe jibu. Ni dogo, jeupe, halina sauti kabisa. Kuku hawalisikii, nimekuwa mtu wa kupiga honi kwa kila kuku wa barabarani.

Unajua kwa nini nalitaka. Tulipokimbia vita, wewe ulivuka mto wa mpakani ukaenda Mtwara, mimi nikaenda kusini. Nikarudi, nikakuta mapazia yetu ya harusi salama ndani ya pipa, nikaanza tena kupamba maharusi. Lakini kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Siku hizi nakwenda Quionga juu ya mota, pikipiki ya kukodi, nimekumbatia kioo, kiti cha bibi harusi kimefungwa nyuma, maua yananichoma shingoni. Kioo cha kwanza kilivunjika mchangani. Cha pili nilikifikisha, nikavunjika mimi mgongo. Akiba yote ya kazi yetu inatosha gari hili moja, na nikikosea sina ya gari jingine, na bibi harusi nitakayemwacha njiani atakuwa wa mwisho kuniita. Ndiyo maana nililala na swali hili siku kadhaa: mtu asiye na pa kuchaji anunue gari la umeme kwa akili gani?

Jumamosi nilikuwa na harusi Quionga. Bibi harusi wa kule, bwana harusi wa Namoto. Usiku umeme ulikuwa umekatika Palma, kwa hiyo asubuhi gari nililikuta halijajaa. Nikajipa moyo. Nimefika Quionga vizuri, nimempamba mtoto wa watu akapendeza, nimempakia na shangazi zake wawili, tukaondoka kwa vigelegele. Somo, mchanga ule unaujua. Namba ya chaji kwenye kioo cha gari ilianza kushuka upesi kuliko nilivyotarajia, na mimi nikaanza kutabasamu peke yangu, lile tabasamu langu unalolijua la kuficha hofu. Shangazi mkubwa akaniuliza, "Mbona umenyamaza, mana Zainabu, dada yangu?" Hatujatoka hata mjini nikakata kona, nikaingia mashineni.

Ile ile, Somo. Mashine yetu ya kusaga, ya utoto wetu wa Quionga kabla ya kuhamia Palma.

Mahali palipo na mlango ule wa bati nililazimika kukaa kidogo nyuma ya usukani, kwa sababu niliwaona wasichana wawili wa zamani wanakuja na ufito mabegani, betri ya lori inaning'inia katikati. Baba yako alikuwa na televisheni peke yake mtaa mzima, na betri ikiisha tulitumwa sisi, Zainabu na Zainabu, tukaichaji kwenye injini ya mashine. Maji yake yalitoboa kanga yangu mpya na wewe ukasema ni nakshi. Tulipofika mzee wa mashine alikuwa akitazama betri, akitutazama sisi, akisema, "Haya, kaeni. Hii mpaka alasiri." Mimi nilikuwa nalia. Wewe ulikuwa unafurahi, maana mashineni hakuna wa kukutuma maji.

Na ndipo ulipoanza. Ulichukua unga uliomwagika, ukauchanganya na maji kwenye kifuniko, ukaokota kijiti, ukaniambia, "Lete mkono. Wa kulia, wa kushoto utajichora mwenyewe." Nikatikisika, ukanipiga kidogo kwenye kidole. "Tulia, utaniharibia." Unga ukakauka ukawa ua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja mahindi yake akaleta mkono wake, na mwingine, na siku ya betri iliyofuata mtu akaja na hina ya kweli. Hadi tunafika umri wa kuitwa kwenye harusi, wanawake wote wa Quionga walishawahi kupitia mikononi mwako. Watu wanadhani kazi yetu tulifundishwa na kungwi. Tulifundishwa na kungoja chaji.

Basi nikashuka. Mashine siku hizi inaendeshwa kwa umeme, na mwenyewe ni Fatu, binti wa yule mzee. Mzee ametangulia, Mungu amrehemu. Nikamweleza. Akatazama waya wangu, akatazama gari, akatazama bibi harusi mwenye dhahabu hadi kwenye paji la uso.

"Naweza," akasema. "Lakini mashine na gari haviwashwi pamoja. Nikichomeka hii, kusaga kunasimama."

Na ndani palikuwa pamejaa wanawake na ndoo zao za mahindi, kila mmoja na chakula cha jioni kinamsubiri. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema jamani samahani, nitatafuta mota. Mama mmoja mnene, mwenye ndoo iliyokuwa ya kwanza kabisa kwenye foleni, akaiondoa kwa mguu.

"Nyie, mahindi yanaoza? Bibi harusi kwanza. Fatu, zima hiyo."

Fatu akazima. Ukimya uliingia ambao mashineni mle sijapata kuusikia tangu utoto. Kisha mtu akageuza ndoo akaanza kuipiga, na hapo, Somo yangu, sina maneno ya kukutosha. Walimkalisha bibi harusi juu ya gunia lililofunikwa kanga safi. Walimwimbia nyimbo ambazo mimi na wewe tulikatazwa kuziimba. Shangazi mkubwa, aliyekuwa ameshaanza kuninunia, alivua viatu akacheza hadi kilemba kikashuka. Mimi nikatoa piko, wino wetu mweusi, nikamalizia maua ya miguuni, kazi ambayo nyumbani tulikuwa tumeiacha kwa haraka.

Mjomba wa bwana harusi akatokea na mota, ametumwa kuja kutazama kama msafara umepotea. Akasimama mlangoni na uso wa kesi.

"Tunangoja nini?" akauliza.

"Carro inakula," bibi harusi akamjibu akilionyesha gari, kichwa juu, maana harusi ni yake mwenyewe. "Keti, mjomba, ule na wewe." Kulikuwa na mihogo ya kuchoma. Akaketi.

Tulifika Namoto alasiri, bibi harusi amecheka hadi wanja umemwagika, nikampaka tena, na upande wa bwana harusi hakuna aliyeuliza tumechelewa wapi kwa sababu mjomba ndiye alikuwa akisimulia, na kila akisimulia anaongeza. Kurudi nilipitia tena kwa Fatu kuongeza chaji ya kunifikisha Palma. Na juzi amenijia mama mmoja, bintiye anaolewa karibuni, anabishana nami juu ya rangi za pazia, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Na kule mashineni tutasimama?" Nikamwambia gari limejaa, hatuna haja. Akasikitika kweli. Nikamwambia haya, tutasimama.

Sasa nikuambie nilivyojisikia, maana kwa simu huwa nakueleza ya watu tu. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Na katikati ya furaha ile niligeuka kushoto nikuonyeshe yule shangazi anavyocheza, mkono umeshanyooka kukufinya, nikamfinya Fatu. Akaniambia, "Si mie unayemtafuta." Nikamwambia ni kweli.

Palma ya leo si ile uliyoiacha, ila usiiogope kwa hilo. Mabati mapya yanawaka mtaa mzima. Mlimao wenu umezaa kama una hasira, mama anaiba malimau yake kila asubuhi na kuniambia ameniokotea. Nilipokuuliza mwaka juzi utarudi lini ulisema, "Bado, somo, bado," na sauti yako ikabadilika, nami sikuuliza tena. Hata leo siulizi kurudi. Mtu anayo haki ya kuogopa mahali alipotoka mbio. Nauliza kuja. Kuja kutembea, siku mbili, utazame, uchume malimau yako, urudi zako kwa watoto.

Nimefanya hesabu ya gari, si ya fedha, ya njia. Likijaa kwa bwana wa barafu, linafika Namoto. Kurudi Palma haliwezi, hata nililibembeleze vipi, hadi lipite Quionga likale kwa Fatu mpaka chaji itoshe. Ningekuwa na umeme wa nguvu nyumbani na gari kubwa la kutosha, ningekuchukua pale mpakani, tukapita Quionga vioo vimefungwa, tukazungumza ya njiani tu, na jioni umechoka unataka kulala. Kwa gari hili hatuwezi kupita. Lazima tushuke mimi na wewe, tukae juu ya magunia, tungoje hadi alasiri, na hakuna wa kututuma maji.

Nilipoliona hilo, swali langu likaisha. Leo ni Ijumaa. Selemani nimempa jibu mlangoni mwa msikiti, nimemwambia nalichukua, akanitazama kama anayenionea huruma, akaniuliza, "Na kuchaji utachaji wapi?" Nikamwambia njiani, na watu. Mama amelizunguka gari mara moja, amelipapasa, amesema mkwe mwenyewe mwembamba lakini msafi.

Basi chagua siku, Somo. Mto uvuke wewe, mchanga niachie mimi. Nitakuwa upande huu nimeegemea gari jeupe, na kama hulisikii likija ujue ndilo. Njoo na piko yako, hii ya huku haishiki. Wa kushoto huwa najichora mwenyewe. Mkono wangu wa kulia uko mtupu tangu uondoke.

Nakungoja mtoni,

Somo yako