Ukoo wa Uyoga wa Baba

Hajnówka, 19 Septemba 1985

Kaka yangu mpendwa Ziemek,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Danuta na mtoto hamjambo huko Szczecin. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko unavyokimbia. Zenon, konda wa treni ya usiku huu, ndiye atakayekukabidhi barua hii, maana posta ingechelewa. Nakuomba kwanza: ile chupa ya uyoga wa siki aliyokutumia Baba mwezi uliopita, itupe. Usionje hata kidogo.

Ni olszówka, kaka, ule wa kahawia wenye ukingo uliojikunja tuliokula tangu utoto. Umeshapigwa marufuku kuuzwa, na mkaguzi wa uyoga hapa sokoni ndiye mimi. Sumu yake si ya kukuangusha siku hiyo hiyo. Mtu anaula miaka na miaka, halafu siku moja damu yake inaanza kujiangamiza yenyewe. Kuchemsha hakusaidii.

Baba ameshaanza. Macho yaligeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, akalazwa. Daktari alimwambia wazi kwamba sahani moja zaidi itamzika. Unajua alifanya nini aliporudi? Aliinjika sufuria! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Yeye akasema anachemsha mara tatu na kumwaga maji kama alivyofanya mama yake, na tena nani aliyenifundisha mimi uyoga kama si yeye?

Ubishi wenyewe nimeuchochea mimi na kisomo changu. Niliporudi kutoka kwenye kozi ya ukaguzi nilikuwa nikimsimulia mezani, najidai kweli kweli. Nikamweleza kwamba wataalamu wameuondoa uyoga kwenye mimea na kuupa himaya yake, kwa sababu haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Alicheka mpaka akapaliwa. Leo uyoga si mmea, akasema, kesho utaniambia mimi si mtu. Akauliza, na huo mwani ambao Ziemek anaukwangua kwenye meli je? Nikamjibu kwamba kuna mwani ulio ndugu wa mimea, na kuna mwingine unaofanana nayo tu, undugu hakuna. Akasema basi huko kwa wataalamu hakukaliki, kila siku watu wanatalikiana.

Hapo ndipo nilipoponzwa na mdomo wangu. Nikamwambia kuwa olszówka, ingawa chini ya kofia yake una vile vikunjo kama kurasa, kwa uainishaji unawekwa katika ukoo mmoja na borowik, uyoga anaouthamini kuliko wote. Aliacha kucheka papo hapo. Tangu siku hiyo hana hoja nyingine: mfalme wa msitu na muuaji watazaliwaje nyumba moja, na kitabu chako mwenyewe kimesema! Nikamwambia ukoo ni asili, si tabia, hata sisi tunaye mjomba Kajetan. Wapi! Anakwenda kulihubiri sokoni, mbele ya meza yangu, na watu wanamsikiliza yeye.

Sasa kaka, nikuambie nililolifanya. Jumanne nilimkuta ameshika kijiko, sahani imejaa, na weupe wa macho yake bado ni manjano. Niliogopa sana. Nikamwambia nimepigiwa simu ofisini, kwamba wewe umelazwa, uko mahututi, kwa ile chupa aliyokutumia. Uongo mtupu, Mungu anisamehe. Alikiweka kijiko chini. Akatoka nje, akazimwaga chupa zote shimoni, moja moja. Na mimi, mjinga mkubwa, nikafurahi. Aliporudi ndani akauliza treni ya Szczecin inaondoka saa ngapi.

Ndiyo, Baba yule yule aliyeapa, siku ulipoliacha shamba, kwamba hatakanyaga kwako hata akifa. Anaondoka kesho asubuhi. Nilimdanganya kwamba hospitali hairuhusu wageni. Akanijibu kwamba kama sumu ni yake, atakuuguza mwenyewe, na hao manesi wamtafutie kiti.

Nakusihi, jilaze. Jifunike blanketi, sema wamekuruhusu jana, na wifi asithubutu kucheka. Akikukuta unakula soseji na kuimba, atarudi moja kwa moja kwenye sufuria yake, nami sitakuwa na neno jingine la kumzuia. Sitaki kumzika, Ziemek.

Jana alipokuwa akipanga mkoba aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama utamfungulia mlango. Nikamwambia utamfungulia. Wiki hii nimeshamdanganya vya kutosha. Hilo nalo lisije likawa uongo.

Nisalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mwambie babu yake anakuja.

Ni mimi dada yako,
Bogna