Mama, Rukia Haendi Dar

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu hapa Zinga. Mvua imepumzika kidogo, na wajukuu zako wako ndani. Mmoja hukumwona: Idrisa alizaliwa baada ya wewe kututangulia, sasa ana miaka minne. Rukia, uliyemwacha darasa la pili, yuko kidato cha kwanza.

Shule zilipofungwa, Idrisa alichukua kalamu akaijaza michoro ramani ambayo dada yake alikuwa ameihangaikia siku nzima. Rukia alilia kama aliyefiwa.

"Nipelekeni kwa shangazi Dar," akasema. "Mimi na huyu hatuwezi kukaa nyumba moja."

Baba yao akakubali upesi. "Wamepishana mno hawa, Mama Rukia. Watacheza nini pamoja? Mwache aende."

Nikasema haendi. Sababu ya kumpa sikuwa nayo. Nilikuwa na wewe tu.

Unakumbuka masika yale kule Bagamoyo, mdogo wangu Salum akiwa na umri kama wa Idrisa, mimi nimeshavunja ungo na kujiona mwanamke? Tulikuwa tumefungiwa ndani na mvua, wewe unakaanga maandazi ya biashara, sisi tunagombana miguuni pako. Ukafuta mikono, ukatundika kanga mlangoni, ukaniambia nikae nyuma yake nisome taarifa ya habari ya nyumba yetu kama mtangazaji wa redio. Salum atoe milio.

"Mama, mimi si mtoto," nikakujibu.

"Ndiyo maana nimekupa kazi."

Nikatangaza kwa kisirani kwamba muuza samaki amepita mtaani. Salum akapiga honi ya baiskeli kwa mdomo, pwaa! pwaa!, mpaka jirani akatoka na bakuli lake kununua samaki. Ulicheka ukaunguza maandazi. Kuanzia siku hiyo nilimtafuta Salum mwenyewe, bila kutumwa. Na ulipofariki, mama, ni Salum aliyekaa nami chumbani siku ile ambayo sikutaka kumwona mtu. Nilijua tu kwamba yupo. Hicho ndicho ninachowatakia hawa wawili, na sikuwa tayari kukiacha kipotee kwa sababu ya ramani.

Basi nikatundika kanga. Rukia akaitazama, akasema, "Mama, huo utoto," akaingia chumbani. Idrisa akaivuta chini akajifunga kama bibi harusi. Kesho yake nikaitundika tena, ikawa hivyo hivyo. Nikaendelea.

Siku iliyofuata Rukia alikuja kuniomba simu. Nikamwambia, "Chukua, lakini urekodi taarifa ya habari. Mtangazaji wewe, milio Idrisa."

Akaguna, akakaa. Sauti yake ilikuwa ya kulazimishwa: "Baba amerudi kutoka kazini. Habari zinasema amenuna."

"Meee!" Idrisa akalia kama beberu.

Rukia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, "Rudia, Idi, rudia, sikubonyeza vizuri." Mimi nilikuwa jikoni na upawa mkononi, sikuthubutu hata kugeuka. Jioni wakamsikilizisha baba yao. Alijaribu kununa kweli, akashindwa.

Jana shangazi yao akapiga simu. Rukia akapokea. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nije lini kukuchukua?"

"Nitakuja likizo nyingine. Ila nitakuja na Idrisa."

"Mtoto mdogo vile! Huku atalala na nani?"

"Na mimi."

Alilijibu hilo kama jambo la kawaida kabisa, akarudi kumenya muhogo. Mimi nikaingia chumbani nikalia, mama, kwa kuwa wewe ndiye niliyetaka kumsimulia.

Asubuhi hii wamegombana tena, na kesho watagombana. Haidhuru. Nguvu ninazo, na nia ninayo. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Wewe pumzika, huku niachie mimi.

Mwanao wa kwanza,
dada yake Salum