Kitambaa yangu na ordinateur ya Michelle

Mama Angèle, weye uko? Niko na hasira!

Mujukulu wangu Michelle iko natengeneza video ya ndoa ya Orpa. Ordinateur yake mupya, ile kompyuta ya mezani, ni vioo tupu, haina hata tundu moja ya hewa mbele. Imezimika mara tatu. Mara tatu!

Akaniambia: "Kambo, ni kitambaa yako!" Ile nyeupe ya crochet, nilitandika juu yake.

Nikatosha kitambaa pale juu. Ikazimika tena.

Nikagusa kioo: moto kama pasi! "Fungula ubavu, ipumue."

"Hapana, kambo, itaonekana mubaya, na ba Orpa bako nakuya kuangalia video yabo."

Mubaya!

Nikachukua tournevis, nikafungula misumari ya ubavu minye mwenyewe. Sasa iko ubavu wazi, ventilateur inaipepea, video inaenda.

Ba Orpa bamefika. Michelle ananinong'oneza nini? "Kambo, lete ile kitambaa, tufunike ubavu."

Nimekalia kitambaa, na sitainuka.