Kosa Ni Langu, Si la Mama

Kaka Idi,

Mwaka umepita tangu kifua kikuondoe kwetu, na bado mtu akikohoa dukani nageuka. Mwajuma wako ameanza kucheka tena, taratibu. Mwanao anatambaa mpaka barazani anakula mchanga, tukimnyang'anya anatukasirikia kwa macho yako yaleyale. Ningekuandikia kwa hayo tu. Lakini nina habari nyingine, ya programu yako.

Ile uliyowaandikia wahudumu wa kujitolea kabla kambi ya wakimbizi ya Mtabila haijafungwa, ya kuandikisha familia ili watoto wapate chanjo na unga wa uji. Mwaka huu watu wameanza tena kuvuka kwa wingi kutoka Burundi, na wahudumu wakaja dukani kuulizia kompyuta yako. Baba akawaambia, "Aliyefundishwa na Idi ni Zainabu." Basi nikaenda nayo Manyovu, mpakani. Mimi, fundi nusu wako.

Njiani nilikumbuka ulivyobishana na mkuu wao. Ulikuwa umepachika mistari inayoikagua programu yenyewe ikiwa kazini: jambo uliloamini lazima liwe kweli, kompyuta ilihakikishe, na lisipokuwa kweli isimame palepale. Yeye akafoka kwamba watu wamejaa foleni na mashine inasimama, uifute hiyo mistari. Wewe ukaendelea kumenya muhogo. "Ikikosea ikanyamaza, nani atajua?"

Asubuhi moja alifika mama mmoja na wanawe, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Karani akamuuliza idadi ya watoto, akaijaza, kisha akawaandika mmoja mmoja. Alipobonyeza kuhifadhi, programu ikasimama, yakatokea maneno yako:

"Simama. Mama amesema watoto watano, mimi nimebaki na wanne. Kosa ni langu, si la mama. Niite. Idi."

Kaka. Niite!

Karani hakusoma mpaka mwisho. Alishamgeukia: "Mama, mbona unatudanganya?" Yule mama akawavuta mbele wasichana wawili wadogo. "Ni amahasa! Bukuru, Butoyi!" Hapo hakuhitajika mkalimani, hata huku kwetu pacha huitwa hivyo.

Nilimwomba karani anipishe kiti. Kosa nililikuta kwenye sehemu uliyoiongeza ukiwa mgonjwa, ambayo haikuwahi kutumika. Kwa kuwa makarani huandika jina moja kila mtu kivyake, uliamua programu isitazame majina inapofuta walioandikwa mara mbili. Ilitazama wazazi na tarehe ya kuzaliwa tu. Pacha wakawa mtu mmoja, Butoyi akafutika. Wewe mjanja wangu, ukasahau pacha! Lakini ulijua kuna kitu lazima utakisahau, ukaacha mlinzi wa kukukamata mwenyewe. Bila mstari ule mtoto angepotea kimyakimya, na mama angeonekana mwongo kila anapopanga foleni.

Nimeirekebisha. Sasa haimfuti mtu kabla ya kumuuliza karani. Na pale penye "Niite" nimeongeza jina langu chini ya lako, nisamehe, maana wakikuita wewe huwezi kuja.

Karani akamwomba mama radhi, tena kwa kusimama. Butoyi alipochomwa sindano akapiga ukelele foleni nzima ikageuka. Nikacheka huku nalia, mama yake akadhani nimeumia kwa ajili ya mwanawe, akanipapasa bega. Sikumwambia ni wewe. Ningeanzia wapi?

Lala salama, kaka yangu. Dua zangu hazikukosi. Keshokutwa naenda Kibondo, wamefungua kituo kingine na makarani wote ni wapya. Sitafuta hata mstari mmoja wa ukaguzi wako, nao nitawafundisha kuandika ya kwao. Ila nakuahidi nitaanza na hili: mashine ikisimama, wamsikilize kwanza mtu aliyekaa mbele yao.

Mdogo wako,
Zainabu