Mzee Jumbe Ametuacha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Sina miguu na sina uso. Niandike kwa mpangilio, la sivyo mwakani nikisoma nitadhani nilitunga.

Asubuhi tulikwenda Amboni, sisi wa Polepole, klabu yetu ya baiskeli, kama kila Jumamosi. Kurudi, upepo wa kusi usoni na kilima mbele. Sisi na helmeti zetu na baiskeli za gia — ulimi nje! Mzee Jumbe, mstaafu wa reli, miaka sabini na moja, Foniksi yake nzito ya keria, kofia ya viua kichwani, akatupigia kengele kama anayefukuza kuku barabarani. Akapotelea mbele. Nilicheka mpaka nikashuka. Nikaandika kwenye grupu: "Mzee Jumbe ametuacha jamani. Tuko Amboni, tumeumia sana." Nikatupa simu kwenye mkoba.

Njiani tukaziba pancha ya mwenzetu Wilfred, tukanywa madafu. Haraka ya nini?

Kufika Ngamiani, barabara ya kumi na nne, mikeka imetandikwa nje kwa Mzee Jumbe. Wanaume wamekaa kimya. Ndani kilio. Nikajua basi, kaanguka njiani, peke yake, na sisi tunakunywa madafu! Nikaingia kwa wanawake, nikamkumbatia Sabra, binti yake anayekaa naye, nikalia. Nililia kweli, kwa sauti, mimi Mlutheri wa Lushoto katikati ya mabaibui. Mama mmoja akanitupia kanga kichwani — juu ya helmeti. Nikamuuliza kwa upole, maiti iko wapi?

Akaniangalia. "Si mnakuja nayo ninyi kutoka Amboni?"

Nikatoa simu. Pole mia moja na kitu, zote chini ya ujumbe wangu.

Kumbe Ayubu, mwenzetu wa Polepole aliyebaki kazini leo, ndiye aliyeusoma na kukimbilia msikitini. Vijana walishakwenda makaburini kuchimba. Nikatoka nje niwaambie watu. Na jeneza tupu kutoka msikitini ndilo hilo linaingia mtaani. Na nyuma ya jeneza, anakokota baiskeli, mkono mmoja na mtungo wa samaki — Mzee Jumbe! Alipitia Sahare kununua changu. Akakutana na jeneza, akashuka kwa heshima, akauliza nani kafa. Vijana waliolibeba hawamjui, wakamwambia ni Jumbe wa baiskeli. Akasema innalillahi, akafuata. Alidhani yuko Jumbe mwingine.

Waliokimbia walikimbia. Bibi mmoja alizirai, akamwagiwa maji, alipofumbua macho akamwona tena, akazirai tena. Sabra hakukimbia. Alimshika baba yake uso kwa mikono miwili, akamtazama. Kisha akamnyang'anya baiskeli.

"Nimefiwa na wewe mara moja, baba. Inanitosha."

Akaisukuma mpaka stoo. Tukasikia kufuli.

Jumapili, 3 Agosti

Mahubiri sikuyasikia. Nimetoka kanisani moja kwa moja kwenda kuomba radhi. Sabra kaniletea chai lakini hakukaa. Mzee yuko barazani, anacheka mpaka machozi. Ati amezisikia sifa zake zote akiwa hai, nusu yazo uongo, na anawashukuru waongo.

Mchele na maharage ya msiba bado yalikuwepo. Mzee kasema vimetolewa kwa nia njema, kurudisha haipendezi. Basi tukala msiba, maiti mwenyewe anatupakulia! Sijawahi kuona.

Tulipokuwa tunanawa mikono Mzee akasema jambo: Mlikuwa tayari kunichangia sanda. Basi kila aliyekuja kunizika alete baiskeli mbovu iliyomlalia uani. Yeye atazitengeneza, tuziendeshe sisi wenyewe hadi Moa, kwa mabinti wanaotembea mbali kwenda sekondari. Ana dada yake kule, anawaona wakipita gizani alfajiri. Watu wakapiga makofi. Polepole tumewahi kuzungumza habari za kusaidia watu, mara madawati, mara miti, zote zikaishia kwenye picha za grupu. Hii imeshika.

"Na hiyo sadaka," akasema, "nitaipeleka mwenyewe. Juu ya Foniksi."

Sabra alikuwa anakusanya sahani. Akaziacha pale pale akaingia ndani.

Jumatano, 6 Agosti

Zinakuja! Ua wa Mzee Jumbe umejaa vyuma. Nyingine haina hata usukani. Ayubu kaleta tatu, nadhani ni dhamira inamsuta. Mzee kachuchumaa na spana tangu asubuhi, mafuta mpaka kwenye nyusi. Sabra ameruhusu atengeneze. Kupanda, hapana. Akimaliza moja huiinua tu na kuzungusha pedali kwa mkono, anasikiliza gurudumu linavyoimba, anatabasamu, anaiegemeza ukutani.

Mtaa mzima unaniita muuaji. Hata muuza mahamri. Mzee kaninong'oneza: kaniombee kwa Sabra, wewe uliyeniua ndiye wa kunifufua.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda Pongwe bila yeye. Chapati bila chumvi. Hakuna wa kututania, tumerudi mapema, kila mtu kwake.

Nikapita kwa Sabra na hasira zangu. Nikamwambia, Da Sabra, unamfunga mtu mzima kama mbuzi. Haikuwa adabu. Lakini nilimaanisha na sitaifuta. Hakupandisha sauti. Kasema: wewe ulipolia, ulilia tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua kabati, nachagua shuka la kumfunika. Mama yangu alifariki ghafla vivyo hivyo, sokoni, na kikapu mkononi.

Nikaondoka. Nampenda yule mwanamke na ananiudhi!

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee Jumbe kaja stenshenari kwangu Chumbageni. Kwa miguu! Kutoka Ngamiani! Nikamwamkia shikamoo, kaitika marahaba kwa mbali. Hakuwa na shida yoyote, kaja kusalimia tu. Akakaa kwenye benchi la wateja muda mrefu, ndala zimejaa vumbi.

Miaka yote sijawahi kumwona akitembea zaidi ya mlangoni hadi kwenye baiskeli. Anaburuza mguu wa kushoto. Ulikuwa hivyo siku zote? Juu ya Foniksi hauonekani. Nilimpa maji, akauvuta ule mguu chini ya benchi, akaona kuwa nimeona.

Nikataka kumwitia bodaboda. Akakataa. Nikipanda leo, mwanangu, kesho mtaniletea na uji kitandani. Akaenda zake, pembeni mwa barabara, taratibu. Nilifunga duka kwa muda, nikamfuata kwa nyuma hadi alipoingia mtaani kwao. Hakujua. Au alijua.

Jumatano, 20 Agosti

Baiskeli zote tayari. Amezipaka rangi ya samawati, rangi ya boti iliyobaki kwa jirani. Zinang'aa! Kila moja kengele. Wasichana wa Moa watatusikia kabla hawajatuona. Tunaondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, barabara ya Horohoro, kisha vumbi hadi Moa. Polepole hatujawahi kwenda mbali hivyo.

Sabra kashona vifuko vya kufunga kwenye keria. Hajasema neno lolote juu ya Foniksi. Mzee naye haombi tena, na hilo limenisumbua kuliko alipokuwa anaomba. Jioni nzima kakaa barazani anatazama watu wakipita.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandikia hapa kaunta, dukani. Nina dakika chache.

Sabra kaja hapa nilipokuwa nafunga. Hajawahi kuja. Kasimama karibu na mashine ya kutoa kopi, kama anayeogopa kugusa kitu. Nikajua ni ugomvi wa mbuzi, nikajiandaa kuomba radhi. Akaanza yeye.

"Ruthi, baba kazeeka. Humu humu ndani kwangu. Wiki tatu hizi kazeeka kuliko tangu mama atutoke. Jana nimemkuta amelala mchana. Baba! Mchana!"

Nikasema labda kachoka na zile baiskeli.

"Hajachoka. Kakata tamaa." Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa stoo, akauweka juu ya rimu ya karatasi. "Ukitaka mpe."

Nikamwambia mpe wewe, Da Sabra, ni baba yako, furaha iwe yako.

Akatikisa kichwa. Mwilini mwake kulikuwa na woga, niliuona mpaka mabegani. Kasema ana kaka zake wawili, mmoja Dar, mmoja Mombasa. Akimpa yeye na Mzee akapata jambo njiani, hawatamwelewa maisha yake yote. Na yeye mwenyewe hatajielewa. "Lakini wewe unamjua barabarani, mimi namjua nyumbani. Wewe ndiye uliyeniambia namfunga. Basi, mimi sifungi tena." Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu, akaondoka upesi akijifuta na kanga. Alikuwa analia, na hakutaka nione.

Ilipasa nifurahi! Hili ndilo nililokuwa nadai. Nikaushika ufunguo niende mbio Ngamiani. Nikafika mlangoni. Nikarudi ndani.

Wiki tatu namlaumu Sabra. Sasa naiona barabara yote ya Moa, daraja, malori ya mpakani, jua la kurudi, na vilima ambavyo sijawahi kuviita vilima. Naona ule mguu wa kushoto. Na nikimnyima? Naona lile benchi, zile ndala. Mungu wangu, ni nani alinituma kuongea?

Hodi. Ni yeye. Kaja tena kwa miguu.

Nimemwambia karibu Mzee, kaa kidogo, namalizia jambo la ofisi. Kakaa kwenye benchi. Anahema. Kaniuliza kama kesho tumepanga mtu wa kubeba pampu, nikamwambia Ayubu. Akasema vizuri. Akaniuliza kama Sabra alipita hapa, maana kamwona njiani anakwenda mbio, hata hakumwona babaye.

Naandika tu. Ufunguo umepata joto kwenye kiganja changu na anautazama mkono wangu uliofumbwa.

Anasema nimalize kuandika, yeye hana haraka.