Muziki Unaozimika Mama Mkwe Akipanda

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijaaibika mbele ya wakwe, maana Jumamosi shemeji yangu anaolewa na gari langu jekundu, lile lenye mlango mmoja mweupe, ndilo litakaloongoza msafara, na mimi kwa mdomo wangu niliahidi muziki wa kutikisa madirisha, nikanunua amplifaya, nikaifunga mwenyewe kwenye buti, waya wa betri nikaupitisha chini ya kapeti, fundi umeme aliposema nimpelekee aikague nikamjibu waya ni waya tu bwana, na kweli muziki ukalia, we! mtaa mzima ukatoka nje, lakini kila nikimpeleka mama mkwe kwa fundi cherehani, namsukumia nyuma kiti cha mbele apate pa kuweka miguu, anakaa, basi, kimya, fyuzi imekatika, akishuka nakirudisha kiti na kuweka fyuzi nyingine, mke wangu anapanda, muziki unalia, jirani anapanda, unalia, ila mama tu, mara nne sasa, naye anashusha pumzi tu, mpaka naamini hajanikubali tangu siku ya posa. Niweke karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi, au nimwombe apande gari lingine?

Mkwe Mwenye Hofu

Wewe Mkwe, pole, ila umenichekesha mpaka nimemwaga chai! Mama wa watu amekosa nini? Kiti unamsukumia nani nyuma kama si yeye peke yake? Reli ya kiti inaubana huo waya wako, ganda limechubuka, shaba inagusa bodi ya gari, ndiyo shoti hiyo. Fyuzi inakatika ili gari lisiungue. Karatasi ya sigara itupe leo hii, au msafara utaongozwa na moshi.

Chomoa betri kwanza. Kisha nenda kwa yule fundi uliyemjibu jeuri, umwombe radhi. Kuuliza si ujinga. Akuwekee waya mpya, aupitishe pembeni mbali na reli, na fyuzi aiweke karibu na betri.

Kuhusu kukubaliwa, ngoja nikuambie. Wiki hii nimepata barua ya mama mmoja: mkwewe ana gari jekundu lenye mlango mweupe, na kila akipanda, kijana anamzimia muziki, ati heshima, naye anaona haya kumwambia kwamba anaupenda. Ananiuliza afanyeje.

Nimeshamjibu: Jumamosi akae mbele. Wewe msukumie kiti mpaka mwisho, halafu ongeza sauti.